Mshono Mwekundu wa Corrie

Ukimpelekea Verna Dombek kiti cha gari akivishe kava mpya, jiandae kurudi na ya zamani pia, uitake usiitake. Ataikunja vizuri, ataifunga kwa kamba na kuiweka juu ya kiti chako kipya. Ukithubutu kumwambia, "Hii si takataka, Verna?" atakukodolea macho mpaka ukumbuke kwamba una haraka. Watu wa Bay City wana maneno yao. Wengine husema ni uzee, na mwenyewe ana miaka hamsini na tisa, uzee gani huo? Wengine husema ni ubahili, hataki kulipia pipa la taka. Waache waseme, mdomo haulipiwi kodi.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka thelathini na moja amekaa nyuma ya cherehani akishona viti vya magari ya zamani, yale ya silinda nane yanayokohoa asubuhi mtaa mzima ukajua nani anatoka. Na miaka hiyo yote alikuwa mtu wa kupasua na kutupa. "Tupa gamba hilo," aliwaambia wateja. "Limenyonya jasho la makalio ya watu arobaini, unalitakia nini?" Wateja walicheka, gamba likaenda pipani, na yeye hakuligeukia mara ya pili.

Mumewe, Lyle, alistaafu kiwanda cha injini. Ni mtu mpole, mkono wake mzuri kwenye chuma na mzito kwenye maneno. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Corrie, aliyechukua mikono ya baba na mdomo wa mama, na hapo nyumba ikawa haina kimya.

Corrie alipofika miaka kumi na sita alinunua Chevelle ya mwaka sabini kutoka kwa mkulima mmoja. Gari lilikuwa limelala shambani miaka kumi na miwili, panya wamezaliana juu ya injini. Yeye na baba yake walilifufua kwa majira mawili ya baridi mfululizo. Bodi ilikuwa ya kijani kilichopauka, lakini mlango mmoja ulikuwa wa kahawia, wameutoa kwa wauza vyuma chakavu, na Corrie hakutaka upakwe rangi. Verna alishona viti vyote viwili vya mbele. Havijatimiza hata mwezi, binti akakaa kiti cha dereva na bisibisi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kiti kikachanika ubavuni, upande wa abiria, urefu wa kiganja.

Hakumwambia mama yake. Alichukua sindano ya mkono na uzi mwekundu, akashona mwenyewe.

"Hii nini?" Verna aliuliza alipouona. "Kuku alipita hapa?"

"Mshono, Mama."

"Mshono! Hata daktari wa ng'ombe angeona haya. Lete nikutolee, dakika kumi tu."

"Usiguse!" Corrie aliufunika kwa kiganja. "Kila kitu kwenye gari hili umeshona wewe au kafunga Baba. Huu wangu."

Basi ukabaki, mwekundu juu ya ngozi bandia nyeusi, umepinda kama njia ya mlevi. Kila kiangazi, Corrie akimpeleka mama yake kula aiskrimu ng'ambo ya mto, Verna alikaa kiti cha abiria na kuuchokoa kwa kidole. "Kuku huyu alikuwa na mguu mmoja au miwili?" Na Corrie, bila kuondoa macho barabarani, alimpiga kofi la mkononi. Lyle hakuujua mchezo huo. Lyle alikuwa mtu wa injini, kiti kwake kilikuwa kitu cha kukalia.

Sasa, watu wa huko hawatoi gari la maana nje wakati wa baridi. Barabara humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula bodi kama mchwa. Gari zuri hulala bandani chini ya turubai kuanzia Novemba, na watu huendesha mkangafu, gari bovu lolote lenye matairi manne. Corrie naye alikuwa na mkangafu wake.

Asubuhi moja ya Februari, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alisimama mlangoni amevaa koti. Verna alikuwa jikoni anageuza chapati za maji.

"Baba, leo nichukue Chevelle. Hita ya kile kigari imekufa, na matairi yake yamekuwa kama upara wako."

"Na chumvi yote ile? Italiwa kabla hujafika darajani."

"Haya, mtunze mwanao," Corrie alisema, akacheka, akatoka.

Alifika darajani na kile kigari, matairi yakateleza kwenye barafu. Hakuvuka.

Chevelle haikuliwa na chumvi hata chembe.

Verna aliyasikia maneno yale kutoka jikoni, na hakuwahi kusema kwamba ameyasikia. Mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno maishani mwake, lile alilimeza na kulikalia miaka saba. Jina la mtoto likaacha kutajwa mezani. Lyle alikula, akashukuru, akaenda bandani. Verna akashona. Chini ya turubai gari lilikuwapo, na ndani ya gari kile kiti, na kwenye kiti ule mshono. Hakuenda kuutazama. Kila majira ya kuchipua alijiambia, mwaka huu nitalifunua turubai, nitaingia, nitakaa upande wangu. Mwaka ukapita. Lakini kujua kwamba upo kulimtosha, kama mtu mwenye akiba ya unga ndani ambaye hata njaa haimtishi sana.

Lyle naye, kumbe, alikuwa na lake. Alikuwa amelihamisha gari lile kipande kwa kipande hadi gereji ya rafiki yake, Orville Stamm. Chini ya turubai akapanga mapipa na mbao, umbo likabaki lilelile. Miaka miwili alipiga msasa, akatoa kutu, akanyoosha, akapaka. Alitaka liwe kama siku lilipotoka kiwandani. Alitaka ampe mkewe kitu kimoja kizima.

Machi, Orville aliingia karakana ya Verna, kofia mkononi.

"Shemeji, nina mteja. Anataka kava mbili za mbele za Chevelle ya sabini, nyeusi."

"Mteja wa wapi?"

"Wa... Toledo."

"Ana jina?"

"Analo."

"Hongera kwake. Niletee viti nivishe mwenyewe, nyie wanaume mnavisha kiti kama mnavyotandika kitanda."

"Hapana, atavisha mwenyewe. Anataka kava tu. Atalipeleka gari kwenye mashindano, kwa hiyo anasema mshono uwe wa kiwandani. Usipinde hata unywele."

"Mwambie mishono yangu haipindi hata nikiwa na homa."

Masikio ya Orville yalikuwa mekundu. Orville hajui kusema uongo, mji mzima unajua. Verna akadhani ni baridi.

Alizishona wiki tatu. Alitafuta uzi wa unene uleule wa zamani, akapima hatua za mshono kwa rula, akafumua alipokosea kwa upana wa kope. Siku alipomaliza alimwambia Lyle mezani, "Leo nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na inakwenda Toledo, kwa mtu ambaye hata jina hana." Lyle aliinamia supu yake ya kabichi na kutabasamu. Verna akadhani amependa supu.

Agosti wakaenda kwenye maonyesho ya magari ya wilaya, kama kila mwaka. Magari yalipangwa kwenye nyasi, boneti wazi, wenyewe wamekaa nyuma yake kwenye viti vya kukunja wakila soseji na kusema uongo kuhusu mwendo. Lyle alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, akampeleka hadi safu ya tatu. Orville alikuwa amesimama pale kando ya gari lililofunikwa shuka.

"Vuta," Lyle alisema.

"Nivute nini? Umeninunulia jeneza?"

"Wee Vee, vuta tu."

Akavuta. Kijani kikammulika machoni. Kijani kibichi, kizito, unaweza kuchania nywele mbele yake. Akalijua kwa namba ya gari, kwa sababu kingine chochote cha kulijulia hakikuwapo. Alizunguka upande wa pili akautafuta mlango wa kahawia. Nao ulikuwa wa kijani.

"Nimelirudisha," Lyle alisema. "Kila skrubu, Vee. Nimelirudisha kama lilivyozaliwa."

Verna alifungua mlango wa abiria. Ikamjia harufu ya gundi na ya kitu kipya. Akaingia, akakaa upande wake. Kidole chake kikaenda chenyewe, kama ng'ombe anavyorudi zizini, kwenye ubavu wa kiti cha dereva.

Kikateleza. Pale palikuwa laini.

Akainama akatazama. Akaziona hatua za mshono, kila moja sawa na mwenzake, uzi mweusi, kona imegeuzwa namna ambayo ni mtu mmoja tu Bay City anaigeuza hivyo. Aliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake kwenye barua ambayo hakumbuki kuiandika.

Mwamuzi alifika, kalamu sikioni, tochi mkononi. Akachungulia ndani kupitia mlango wa dereva. "Bibi, samahani kidogo." Alimulika kiti juu, akamulika chini. "Miaka ishirini nakagua, sijaona kiti kama hiki. Hakina kosa hata moja. Kimeshonwa na nani?"

"Mke wangu," Lyle alijibu, kifua kimemjaa. "Huyo hapo. Mwenyewe hakujua kwamba anajishonea."

Mwamuzi akacheka, akaandika, akaenda zake. Verna alibaki amekaa.

"Lyle. Kava ya zamani iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya kiti cha dereva."

"Aa, ile? Ilikuwa imechanika, Vee. Mtu aliishonashona ovyo kwa uzi mwekundu, sikujua nani. Nikaikata kwa kisu."

"Ukaiweka wapi?"

"Kwenye pipa la Orville. Aprili." Sasa alianza kumtazama usoni. "Kwani vipi?"

Pipa la Orville huchukuliwa kila Jumatatu. Ya nini kuzihesabu Jumatatu.

"Alishona yeye," Verna alisema.

"Nani?"

"Wewe unadhani nani, Lyle?"

Orville, aliyekuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa kisafi, aliweka kitambaa chini akaondoka polepole kuelekea penye soseji.

Lyle alizunguka akaingia upande wa dereva. Alikaa kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuchafua. Mkono ukaenda kwenye usukani, ukarudi pajani. Kinywani mwa Verna neno lile la miaka saba lilikuwa limesimama tayari, limenolewa. Wewe ndiye uliyemnyima gari. Wewe na chumvi yako. Mtoto ulimtoa nje, chuma ukakiweka ndani. Angelisema, na lingekuwa kweli, na lingemuua. Alimtazama mikono, kucha zilizokatika, makovu mapya ya msasa juu ya makovu ya kiwandani. Akafunga mdomo.

Lyle ndiye aliyesema.

"Nilimkataza asilitoe. Asubuhi ile. Aliniomba, nikamkataza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa jikoni. Nilisikia."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Lyle akalia hapo, mbele za watu, kichwa kwenye usukani, na wapita njia wakadhani ni furaha. Mmoja hata aligonga paa na kusema, "Umestahili, kaka!" Gari lilichukua kikombe cha kwanza. Orville ndiye aliyekwenda kukipokea.

Kesho yake asubuhi Verna aliingia karakana, akakata kipande cha ngozi bandia nyeusi kilichobaki, akakichana ubavuni urefu wa kiganja. Akatunga uzi mwekundu kwenye sindano ya mkono. Alijua kila mpindo: unaanza chini, unaruka kushoto, hatua mbili zimebanana, moja ndefu ya kichoyo, kisha fundo kubwa kama punje ya hindi. Akashona.

Ukatoka umenyooka.

Akafumua. Akashona kwa mkono wa kushoto. Ukapinda, lakini ulipinda kwa adabu, kama mtoto wa shule anayejifanya mkorofi. Akafumba macho, akashona hivyo. Akajichoma mara mbili. Alipofumbua, hatua zilikuwa zimepangana kama askari. Miaka thelathini na moja alikuwa ameifundisha mikono hiyo isikosee, na sasa haikosei.

Lyle alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha ushindi kimemning'inia mkononi kama ndoo tupu.

"Nijaribu mimi?" aliuliza. "Mimi sijui kabisa. Nitashona vibaya."

"Utashona vibaya, ndiyo," Verna alisema. Hakusema kwa ukali. "Ila ubaya wako siyo ubaya wake."

Akakikunja kile kipande, akakitia kwenye droo ya sindano. Mchana huo mkulima mmoja alileta kiti cha pikapu, akasema, "Hiyo ya zamani tupa tu." Verna alimuuliza nani alikuwa anakikalia. "Baba," yule bwana alisema, akatazama viatu vyake. Verna akaenda kutafuta kamba.

Chevelle iko bandani mwao hadi leo. Jumapili za kiangazi, baada ya misa, Lyle huitoa wakavuka daraja kwenda kula aiskrimu, yeye kwenye usukani, Verna upande wake. Hawaongei sana, lakini siku hizi jina hutajwa. Na kila mara, kabla hawajafika darajani, kidole cha Verna huondoka pajani kikaenda kwenye ubavu wa kiti cha dereva, kikateleza, kikarudi.