Mabano Aliyoyafunika kwa Kiganja

Kila alipoandika kanuni ya programu, (a → b) → [a] → [b], ubaoni, mwalimu wa kompyuta pale chuoni Nzuguni aliyafunika mabano ya kwanza kwa kiganja kilichojaa chaki. "Humu mna mashine ya kugeuza a kuwa b, kama kinu kinavyogeuza mtama kuwa unga," alisema kwa sauti ya chini. "Kanuni hii haipokei orodha ya mtama tu, inapokea na mashine yenyewe." Aliyeuliza a ni nini hasa, alijibiwa, "Chochote, ndugu yangu. Ndiyo raha yake." Elieth, mwanafunzi wa kiti cha nyuma, alimwelewa tangu wiki ya pili, ila hakuwahi kunyoosha kidole. Siku mkuu wa chuo alipokuja kuamua kama somo libaki au liondolewe, mwalimu aliuliza, "Tukiipa kanuni hii mashine ya kusaga na orodha ya magunia ya mtama, tunapata nini?"

"Njaa," mmoja alitania, wakacheka. Orodha ya magunia ya unga: Elieth alikuwa na jibu hilo ulimini, halikutoka. Mkuu alitazama saa. "Hawajaelewa kitu, mwalimu. Soko la ajira linataka wachapaji; somo hili liondolewe." Mwalimu aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja, na macho yake yalimpita Elieth upesi, kama yanavyopita kiti kitupu.