Mpaka Rangi Aliyeganda Darajani

Mji wetu ulizaliwa na daraja la reli. Kabla yake palikuwa na kivuko na vibanda vichache tu. Chuma kilipovuka mto, vikafuata stesheni, kiwanda cha mbao, maduka na shule. Aliyelipaka daraja hilo rangi alijiona kama ndiye anayeulisha mji. Miaka nenda miaka rudi alipanda vyuma na brashi yake, akipigana na kutu, na jioni alipita barabara kuu kifua mbele, madoa ya kijivu hadi kwenye nyusi.

Asubuhi moja, akiwa juu kabisa ya tao la kati, alitazama chini. Akaona maji yamesimama na daraja ndilo linalokwenda. Akakumbatia chuma, akafumba macho.

"Shuka, kaka," msimamizi alimwita. "Treni inakaribia."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Miguu imenikataa."

Bendera nyekundu ikapeperushwa, treni ikasimama kabla ya mto. Abiria wakateremka kutazama. Wapasua mbao wakaacha misumeno yao, wenye maduka wakaja ukingoni. Aliyepanda kumchukua alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, fundi wa palepale. Alimfunga kamba kiunoni, akamteremsha taratibu kama mzigo. Walipofika chini suruali ya mzee ilikuwa imelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Mkwe akavua koti lake, akamfunga nalo kiunoni.

Tangu hapo mpaka rangi akawa mtu wa vichochoro. Waliomtania aliwavumilia. Waliompa pole ndio waliomchoma. Mkwewe akibisha hodi, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma.

"Baba, utamkimbia mpaka lini?" mke wa mzee alimuuliza. "Kakukosea nini?"

Angesemaje kwamba kosa la kijana ni kumwona?

Mwishowe kijana alimvizia uani. "Baba, njoo utuchanganyie rangi. Kazi ni ya chini, ukingoni."

Akaenda, kofia imeshushwa hadi machoni. Treni ilipopita aliinamia pipa, akakoroga rangi iliyokwisha kukorogeka.

"Mwanangu," alisema siku moja, bila kuinua uso, "lile koti sijakurudishia."

"Koti gani, baba?"

Mzee alitaka kushukuru. Akaijaza ndoo, akampa. Kijana akapanda nayo, na mzee hakuthubutu kumtazama akipanda.