Rangi za Kichwa cha Shangazi

Mashine ya kunyolea ilikuwa tayari imechomekwa kwenye umeme msusi alipoingia chumbani. Akaichomoa. Hodi hakupiga, ruhusa hakuomba.

“Nani kasema shangazi yangu ananyolewa?”

Fundi wa mitambo, baba mzima mwenye kipara, akajieleza kwa upole. Mtambo wake unanasa mawimbi ya ubongo kwa vidude ishirini vinavyobandikwa kichwani, kisha unageuza hisia kuwa rangi kwenye skrini: buluu ni utulivu, nyekundu hasira, manjano furaha. Lakini nywele za mgonjwa ni nzito, vidude havigusi ngozi, na skrini imebaki kijivu tangu juzi. Leo ni mara ya mwisho kujaribu. Ikibaki kijivu tena, daktari ataandika kwamba mgonjwa hajitambui, na mazoezi yake ya viungo yatasimamishwa.

Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, macho wazi, kimya. Kiharusi kilimfunga ulimi na viungo miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo alisuka vichwa vya mtaa mzima, na huyu msusi, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyerithi vichana vyake.

“Unataka ngozi? Ngozi nitakupa. Nichoree hivyo vidude vinakaa wapi.”

Fundi akachora. Msusi akaitazama karatasi, akacheka mpaka akashika kiuno. Jamani, watu wamesoma mpaka wakaota vipara, kumbe wanachotafuta ni njia za nywele tu! Akavuta stuli, akaanza kuchambua nywele na kuzisuka mistari, kila kidude akikipimia njia yake.

Binti wa shangazi, aliyeegemea dirisha, akaguna. “Usijisumbue, dada. Mama hajui hata kama sasa ni asubuhi.”

Msusi akaanza mstari mwingine. Alikuwa kazini.

Baada ya saa mbili vidude vyote vilikaa kwenye ngozi kama vifungo kwenye shati. Daktari akaitwa, akaja na kalamu yake. Fundi akawasha. Kijivu kikatetereka, buluu ikaanza kuingia, hafifu, ya kutia mashaka. Lakini ilikuwa rangi! Msusi kifua kikamjaa. Nani kama yeye mji huu? Kwa mbwembwe zote akachukua kioo, akamwonyesha shangazi kazi yake, mbele kisha ubavuni.

Skrini ikawa nyekundu tupu.

Fundi akakimbilia nyaya. “Mtambo umeharibika,” akasema binti.

Msusi akainama, akatazama kwenye kioo kile alichokuwa akikitazama shangazi. Juu ya sikio la kushoto, mstari mmoja ulikuwa umepinda. Umepinda kidogo tu, mteja mwingine angekaa nao mwezi mzima bila kuuona.

“Acha nyaya zako!” akampigia fundi kelele. “Mtambo ni mzima. Ananigombeza! Nina miaka arobaini na moja, bado ananigombeza!”

Akaufumua ule mstari, machozi yakimtoka na meno yote nje. Akausuka upya, ukanyooka. Akaleta kioo. Nyekundu ikafifia, buluu ikarudi, safari hii imekolea.

“Nani kasuka hizi?” daktari akauliza.

“Mimi. Na aliyenifundisha ni huyu hapa. Tuandike wote wawili.”

Daktari akaandika: mgonjwa anaona, anaelewa, mazoezi yaendelee.

Binti hakuwepo tena dirishani. Miaka miwili alimlisha mama yake, akamwogesha, akamgeuza ubavu, wala hakulalamika. Ila kusema naye aliacha mapema, maana alijiona anasema na ukuta. Alikuwa akiingia na kutoka chumbani kwa mama bila hata salamu, na yote aliyotaka kusema juu yake aliyasema mbele yake. Sasa akasogea karibu. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika ile mikono iliyolegea.

“Shikamoo, mama.”

Manjano ikajaa skrini nzima.