Diski, Kanda na Chungu cha Majivu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bohari la kampuni ya mbegu pale Migwani, nilichanganyikiwa, na hali hiyo haikuniacha mpaka nilipostaafu. Ilikuwa miaka ya sabini. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, na kila moja lilikuwa na namba tu, bila jina. Mkuu wa Bohari, mzee mkali aliyependa chai ya moto kuliko watu, alinionya mapema.

"Nduku, usiniulize hii namba ni mbegu gani. Uliza kadi."

Kadi zilikaa kwenye makasha ya mbao. Kila moja ilieleza gunia lake: mbegu inayokomaa mapema, mbegu ya udongo mwekundu, mbegu inayovumilia jua la kwetu. Jina halikuandikwa kwenye gunia kwa sababu kampuni iliogopa kuibiwa siri zake. Ukiyatazama mahindi yenyewe yalifanana tu, lakini mkulima aliyepewa mbegu isiyofaa shamba lake angelala njaa msimu mzima. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha namba haitengani na maana yake.

Halafu mchwa wakayavamia makasha. Kampuni ikanunua kompyuta, nami nikahamishiwa ofisi kuu Sultan Hamud kuingiza humo kadi zilizosalia kabla nazo hazijaliwa. Mwanzoni tulihifadhi kila kitu kwenye disketi, vile vibamba vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine. Vumbi la Sultan Hamud likavimaliza. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ikaja seva, yaani kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine zote, na hapo ndipo ubishi wa kuchagua ulipoanza.

Fundi kutoka Nairobi alitaka diski pacha. Alieleza kwamba seva huandika kila jambo kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Meneja Mkuu alimsikiliza kwa makini, kalamu mdomoni.

"Na Nduku akiandika makosa?"

"Itaandikwa kote kote, bosi."

"Kwa hivyo unataka ninunue makosa mara mbili?"

Mimi niliona Fundi amesema kweli, halafu nikaona Meneja naye amesema kweli, na kichwa kikaanza kuniuma. Mwishowe Meneja akachagua kanda, jamaa ya zile kanda za nyimbo za injili alizokuwa nazo garini, kwa sababu, alisema, hicho angalau ni kitu anachokifahamu. Basi kila Ijumaa tulinakili yote yaliyomo kwenye seva katika kanda mbili. Moja tuliifungia kwenye kabati la chuma ofisini, ya pili tukaipeleka bohari la Matiliku, ili moto au mwizi asizipate zote.

Msimamizi wa bohari la Matiliku alikuwa Mzee Kimeu, mzee wa kanisa, mtu mtaratibu sana. Fundi alimwambia kwamba maadui wa kanda ni unyevu, wadudu na joto. Mzee akaitikia kwa kichwa. Maadui hao aliwajua tangu utotoni, kwa kuwa kwao mbegu za kunde zilifukiwa ndani ya chungu cha majivu na mdomo ukazibwa. Hakumwambia mtu, akaifanyia kanda vilevile.

Mwaka mmoja, mvua za Oktoba zikikaribia, stima ilipotea, ofisi ikawa giza, kisha ikarudi kwa nguvu. Seva ikazimika. Diski yake ilikuwa imeungua, na maghala yalikuwa yamejaa magunia ambayo hakuna aliyejua lipi ni lipi. Niliogopa, nisiwafiche. Tukatoa kanda ya kabatini. Haikusomeka hata neno moja. Fundi akalaumu jua la dirishani lililopiga kabati kila alasiri, Meneja akalaumu kanda zenyewe. Tukabeba mashine ya kusomea hadi Matiliku.

Mzee Kimeu akaleta chungu. Alipoichomoa kanda, majivu yakammwagikia Fundi.

"Aiya! Mzee, umefanya nini?"

"Si wewe uliniambia wadudu?"

Tukapangusa, tukapuliza, tukaomba. Mashine ikasoma huku ikikwaruza kama jiwe la kusagia, ikafika nusu, ikakwama, na kanda ikakatika.

"Ni majivu yameharibu nusu!" Fundi alifoka.

"Ile yenu ya kabati haikuwa na majivu. Imesoma nini?" Mzee Kimeu akauliza kwa upole. "Hii majivu imeokoa nusu."

Meneja akanigeukia mimi niamue. Sikuweza. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii na bado siwezi.

Mvua haingojei mtu. Meneja akaamuru kila mkulima apimiwe mifuko miwili, mmoja wa namba tunayoijua na mmoja wa namba tusiyoijua, naye aambiwe ukweli. Niliona aibu hata kuinua macho. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mkulima.

"Hii ya pili ni gani?"

"Hatujui, mwaitu," Meneja akamjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Imepotea kwa mashine."

"Imepotea aje na iko hapa kwa mfuko?" Akaikagua namba, akajitwika mzigo wake. "Nitapanda. Ikikomaa nitakuja niwaambie ni gani."

Vijana wa kompyuta siku hizi huniuliza, sasa nimestaafu, kama ningechagua diski au kanda. Nawaambia kwamba kila chombo nilichokiona kilipata adui wake, na kila mtaalamu alikuwa na sababu nzuri. Chagueni mnavyoona, lakini nakala moja iwe kwa mtu anayeihitaji kweli.

Na mwaka ule wakulima walirudi baada ya mavuno. Si wote, kuna namba ambazo maana zake hatukuzipata tena. Lakini yule bibi alikuja na mahindi manene manene, akayaweka mezani kwangu, akaitaja namba ya mfuko.

"Andika. Hii ilivumilia jua, na haikuchukua muda."

Nikaandika. Akasimama aende zake, kisha akageuka mlangoni.

"Ingine nimebakisha kwangu nyumbani. Mkipoteza tena, mje."

Meneja alicheka. Mimi nililia, na hadi leo sijui kama ilikuwa aibu au furaha.