Gari Lililodhani Linatazama Mlangoni

Ripoti waliyoiandika ilisema kwamba mfagizi alikuwa amesimama mahali asiporuhusiwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishikwa na hasira. Yule dada alikuwa amesimama penye bomba la maji, pahala alipopangiwa kazi, akikamua tambara lake kama alivyofanya kila siku kwa miaka miwili. Aliyekuwa hajui yuko wapi ni gari. Na sisi tuliokuwa tukiliwasha tulijua kwamba halijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo cha ufundi, nafanya kazi katika ghala la kiwanda cha maji ya chupa kule Rusayl. Sisi ni watu waliorudi Uarabuni kutoka Unguja. Nyumbani kwetu Sib tulisema Kiswahili wenyewe kwa wenyewe na Kiarabu wageni wakija. Meneja wa ghala alikuwa binamu wa babangu, nami nilimwita ami hata kazini, kwa sababu ningemwita mudir, yaani meneja, habari ingefika nyumbani kabla yangu na mamangu angeniuliza adabu nimeiacha wapi. Ndiye aliyenipatia kazi ile. Alihakikisha nisilisahau hilo.

Tulikuwa na magari manne yasiyo na dereva. Yalichukua mizigo ya chupa kutoka mwisho wa mashine, yakaipeleka kwenye rafu, na kutoka kwenye rafu mpaka kwenye milango ya malori. Miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, watu walikuja kutoka viwanda vya jirani kuyatazama tu. Kila gari lilikuwa na mlingoti mfupi, na juu yake kichwa kidogo kinachozunguka na kutupa mwanga wa leza. Kwenye kuta na nguzo tulibandika vipande vinavyong'aa, mfano wa vile vya nyuma ya malori. Sisi tuliviita vioo. Gari lilitupa mwanga, vioo vikaurudisha, nalo likapima: kioo kimoja kiko huku, cha pili kiko kule, cha tatu kiko mbali zaidi. Likilinganisha na ramani iliyomo ndani yake, lilijua lilipo.

Injinia aliyekuja kuyafunga alikaa nasi wiki tatu. Alikuwa mzee mgeni asiyependa maneno mengi, lakini jambo moja alinirudilia mpaka nikachoka. Gari likishaanza kwenda, alisema, halina shida, maana linajua lilikuwa wapi nukta iliyopita na haliwezi kuwa limeruka. Shida ni linapowashwa. Hapo halikumbuki kitu. Linataka kujua mambo matatu: liko umbali gani kwa urefu wa ghala, umbali gani kwa upana, na linatazama wapi. Hilo la tatu ndilo alilolikazia. Akachukua chaki akachora sakafuni, akanionyesha kwamba gari likikosea upande kidogo tu pale linapoanzia, mwisho wa njia litakuwa limehama karibu mita nzima. "Na likikosea upande kabisa," aliniambia, "usiwe mbele yake."

Kwa hiyo alifanya mambo mawili. Karibu na chumba cha kuchajia betri alipaka mstatili wa rangi nyeupe, akafunga vyuma viwili sakafuni vya kubana magurudumu, ili gari likisukumwa pale lisiweze kutazama kwingine isipokuwa ukutani. Gari lolote lililozimika lilitakiwa lisukumwe kwa mkono mpaka pale, ndipo liwashwe. La pili, vioo alivibandika bila mpango unaoonekana kwa macho: viwili karibu karibu, kimoja peke yake, vitatu juu, kimoja chini. Nilidhani ni uvivu. Akaniambia amefanya makusudi, ili pasiwe na pembe mbili za ghala zinazofanana. Mtu akikosea kuliambia gari lilipo, litaona vioo havilingani na ramani, nalo litakataa kwenda.

Injinia akaondoka. Ikawa sasa ni ami na akili zake.

Kwanza walikuja wageni wakubwa kulitembelea ghala, na ami akaona vioo vimekaa shaghalabaghala. Alimwamuru fundi avibandue avipange vizuri, kwa vipimo sawa, kusini kama kaskazini. Mimi sikuwapo, nilikuwa nimekwenda kwenye arusi ya dadangu. Niliporudi nikakuta kuta zote mbili zinapendeza, na ramani mpya imeshaingizwa kwenye magari. Nilimwambia, "Ami, hivi vioo sasa vinafanana huku na huku. Gari likiwa katikati halitaweza kutofautisha." Akacheka. "Mbona linakwenda?" Ni kweli, lilikwenda, kwa kuwa lilianzia kwenye mstatili mweupe.

Kisha likaja joto la kiangazi, maji yakatakiwa kila mahali, na ami akataka nafasi. Asubuhi moja nikakuta mstatili mweupe umejaa mizigo mpaka usawa wa kichwa. Na kiangazi kile umeme ulikuwa ukikatika kidogo na kurudi. Ukikatika, mtambo unaoyaongoza magari ulizimika nayo yakazimika popote yalipo. Kumsukuma mnyama wa chuma namna ile mpaka chumba cha betri kulichukua watu watatu na muda usio mchache, malori yako mlangoni yanapiga honi. Ami akatoa amri: gari liwashwe hapo hapo lilipozimikia, na mtu aandike kwenye skrini namba ya pointi iliyo karibu. Kila pointi kwenye ramani ilikuwa na mahali pake na upande wake.

Niliandika barua. Niliiandika kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, nikaeleza habari ya vioo, ya mstatili, na ya upande. Alinirudishia siku ile ile, haina hata alama ya kalamu. "Wewe umesoma sana, mwanangu," alisema. "Hapa tunapakia maji."

Nilipaswa kuipeleka juu zaidi. Sikuipeleka. Nilimfikiria babangu, nikamfikiria mamangu, nikaitia barua kwenye droo. Kwa hilo najikasirikia mimi mwenyewe, na hasira hiyo si ndogo kuliko ile niliyo nayo kwa ami.

Yule dada alitoka Morogoro. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, Mkristo, mwimbaji, akiniita mdogo wangu. Mimi na yeye tulikunywa chai pamoja saa nne. Alikicheka Kiswahili changu na "nna" zangu, nami nilikicheka chake. Alisomesha watoto wake watatu waliokaa kwa dada yake kule kwao. Kazi yake ilikuwa kuosha sakafu, na bomba lake lilikuwa mwisho wa kusini wa ghala, mbele ya nguzo ya zege, mbali kabisa na milango ya malori iliyokuwa kaskazini.

Siku yenyewe umeme ulikatika baada ya sala ya adhuhuri. Ulizimika ukarudi, kama kupepesa jicho. Gari namba tatu lilizimika katikati kabisa ya njia kuu, limebeba mzigo, linatazama kusini. Ami alikuja mwenyewe, kanzu yake imelowa jasho, simu sikioni.

"Liwashe," akaniambia.

"Ami, hili linatazama bombani. Pointi ya hapa kwenye ramani ni ya kutazama mlangoni. Ngoja niwaite watu tuligeuze."

"Nna malori matano nje. Andika hiyo hiyo. Kama si sawa, si litakataa lenyewe? Si ndivyo alivyosema yule mzee wenu?"

Nami nikaandika. Kidole ni changu, sina wa kumsingizia. Nilitegemea litakataa, nipate kumwonyesha. Kichwa cha leza kikazunguka mara mbili, tatu. Gari lilikuwa limeambiwa linatazama kaskazini, likaona vioo saba pale ramani ilipotaka vioo saba, kwa umbali ule ule, kwa kuwa kusini na kaskazini tulizifanya ziwe mapacha. Taa ya kijani ikawaka.

"Umeona?" alisema ami, akarudi kwenye simu yake.

Likaondoka. Kwa nukta nne au tano nilibaki nimesimama, kwa sababu skrini ilisema linakwenda mlangoni, na macho yangu yaliliona linakwenda bombani. Kila lilipozidi kwenda vioo vilizidi kulingana, likazidi kuamini. Halafu nikajiambia, lina ulinzi mbele, likimwona mtu litasimama. Ndipo nikakumbuka kitu kimoja. Pale kwenye mlango wa malori njia ilikuwa nyembamba, ukuta huku na ukuta huku, na ili gari liweze kuingia bila kusimama ovyo, injinia aliliruhusu lifumbe ulinzi wake mita chache za mwisho. Gari lilidhani linafika mlangoni. Lilikuwa karibu kufumba.

Nilikimbia. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, lakini bomba lilikuwa wazi na mashine za chupa zilikuwa zinanguruma. Amenipa mgongo. Mkono wangu ulikifikia kitufe chekundu cha ubavuni mwa gari baada ya vyuma vya mbele kumgusa, na kumsukuma, na kuubana mguu wake wa kushoto kwenye nguzo. Hakupiga ukelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, litoe." Na kulitoa hakukuwezekana kwa kitufe, maana lililozimwa haliendi mbele wala nyuma. Tulilivuta kwa mikono, wanaume sita na mimi.

Siku ya tatu ami aliniita ofisini, akanisogezea ile ripoti nitie saini, kwamba nilikuwapo na nimeona.

"Hakusimama mahali pabaya, ami."

"Hakuwa na ruhusa ya kuwa kwenye njia ya gari."

"Bombani si njia ya gari. Gari halijapata kwenda pale tangu limeletwa."

Akashusha sauti. "Wewe ni mtoto wetu. Ukiandika vingine, aliyebonyeza ni nani? Mimi nnakulinda wewe."

Nikaiacha kalamu juu ya meza na kutoka. Nilikwenda moja kwa moja hospitali. Yule dada alikuwa kitandani, mguu umefungwa vyuma kwa nje, uso umevimba kwa kulia au kwa dawa. Nilitaka kumwomba radhi, yeye akaniuliza swali.

"Kwani lilidhani liko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, vioo, mstatili, barua, pointi. Nilichukua muda, kwa kuwa sikuwahi kumweleza mtu asiye wa kazi ile, na alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alinitazama usoni.

"Kwa hiyo mlijua," alisema.

"Tulijua."

"Mimi nilikuwa nayafagilia njia yale magari kila siku, na hakuna aliyeniambia." Akageuza uso ukutani. Sikufika tena mbele ya mtu nikajiona mdogo namna ile.

Mkaguzi wa serikali alipokuja wiki iliyofuata, sikungoja kuulizwa. Nilimwomba dakika kumi, kazi ya ghala lote isimame. Nilipanga maboksi matupu pale bombani, urefu wa mtu. Mimi na wenzangu tulilisukuma gari namba tatu mpaka katikati ya njia, tukalitazamisha kusini, nikaandika pointi ile ile mbele ya macho yake. Ami alisimama pembeni, mikono nyuma. Moyoni nilikuwa naomba likubali, na nikaona haya kuomba jambo kama hilo. Likakubali. Taa ya kijani ikawaka, likaenda taratibu, kwa adabu zake zote, likayaponda maboksi kwenye nguzo mpaka yakawa bapa. Nilibandua vioo viwili tu vya ukuta wa kusini, nikavihamisha hatua moja, nikarekebisha ramani, tukalirudisha gari katikati, nikaandika uongo ule ule. Safari hii lilizungusha kichwa, likazungusha tena, likawasha taa nyekundu likakaa kimya.

"Vioo viwili?" mkaguzi aliuliza.

"Viwili," nilimwambia. "Na barua niliiandika miezi miwili kabla." Nikampa.

Ripoti ilibadilishwa. Jina la yule dada liliondolewa kwenye makosa, bima ikalipa matibabu yake. Mstatili ulisafishwa ukapakwa rangi upya, na vioo vikarudi katika ule mchafuko wa injinia. Lakini penye sababu ya ajali waliandika hitilafu ya mtambo. Mtambo haukuwa na hitilafu yoyote. Ulifanya kwa uaminifu kile tulichouambia. Ami alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, mjini. Yule dada akapewa tiketi ya kurudi kwao kabla hajaacha magongo, kwa kuwa mfagizi asiyeweza kusimama hawakuwa na kazi naye. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikamsukumia kiti cha magurudumu. Tulizungumza habari za watoto wake. Hakuniita mdogo wangu.

Nikaacha kazi mwezi ule ule. Babangu hakusema nami kwa muda mrefu, si kwa sababu ya kazi, bali kwa sababu nilimwaibisha mtu wa ukoo mbele ya mgeni.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye matanga ya bibi yangu, ami alikuja nyumbani Sib. Amezeeka, anatembea polepole. Jamaa wote waliinuka kumpa mkono, nami nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Alinisogelea, akasema kwa upole, "Bado umekasirika, mwanangu?"

"Ndiyo, ami," nilimjibu, nikammiminia kikombe chake, nikaenda kwa mtu wa pili.