Madume ya Mbung'o

Harufu ya dawa ya josho kwenye duka la pembejeo hapa Bunda hunirudisha kwenye asubuhi moja ya utoto wangu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, na ng'ombe wetu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o.

Bwana mifugo alikuja akinuka dawa ile ya josho, amebeba boksi lililokuwa likivuma. Aliposema ndani mna mbung'o na amekuja kuwaachia, baba mdogo alichukua mkuki akamzibia njia.

"Waliopo wanatumaliziaga ng'ombe, halafu wewe unatuletea wengine?"

"Hawa ni madume tu, mzee. Wamefanywa tasa huko maabara. Jike akipandwa nao, hazai."

"Wanauma?"

"Wanauma," alijibu. "Lakini kizazi chao kitakatika."

Mkuki ulipanda hadi kifuani pa bwana mifugo. Niling'ang'ania kanga ya mama.

Hapo mama mdogo, mke wa baba mdogo, akasogea mbele. Alikuwa hajapata mtoto, ukoo mzima ulimsema, na ng'ombe waliobaki walikuwa wa kumwolea mumewe mke wa pili.

"Kumbe dume naye anaweza kuwa tasa?"

"Ndiyo, mama. Na jike akawa mzima kabisa."

Baba mdogo alimtazama mkewe, kisha akashusha mkuki na kupisha. Boksi likafunguliwa, mbung'o wakarukia vichakani.

Mke wa pili hakuja. Wawili wale walizeeka pamoja katika nyumba ile, na sikusikia tena mtu akimsema mama mdogo.