Nani Alikaa Karibu na Mama Kwenye Ndege

Mama alikuwa bado mochwari, turubai limefungwa uani kwetu Kibamba, na mimi na kaka yangu tulikuwa tunagombania kiti cha ndege.

Nieleze vizuri, maana hata majirani walidhani msiba umetuchanganya. Mwaka uliotangulia, mimi na kaka tulimpeleka mama India kwa matibabu. Wakati wa kurudi, tukiwa angani, mama alitoa wosia wa mahali pa kumzika. Kaka anasema aliambiwa yeye: "Nirudisheni mlimani, kwa baba yenu." Mimi nasema niliambiwa mimi: "Msinipeleke Upareni. Nizikeni hapahapa Kibamba." Hatukuwahi kulizungumza, kila mmoja akiamini neno ni moja na analo yeye. Sasa kaka alikuwa ameshaelewana na mwenye basi la kwenda Same, huko Upareni, na mimi nilikuwa nimeshaonyeshwa sehemu kwenye makaburi ya Kibamba. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyofundishwa. Majirani wetu hawakwenda kulima. Walivuta viti karibu.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyeongoza kikao. Hajawahi kupanda ndege, lakini alikuwa na kipimo chake. Kwetu wosia hupokelewa na aliyekuwa ubavuni kwa mgonjwa. Aliyesikia kwa mbali anahesabiwa mpita njia.

"Ndani ya ndege si kuna makelele?" akauliza. "Basi aliyemsikia ni aliyekaa naye. Semeni mlivyokaa. Njia ya mwongo ni fupi."

Nilifurahi, nakiri. Ule mkao niliujua kama ninavyolijua jiko langu.

"Baba mkubwa, ndege ile ilikuwa na viti vitatu huku dirishani, vitatu kati, vitatu upande wa pili. Ila kule mkiani inabana, kwa hiyo pembeni vinabaki viwili viwili. Sie tulikaa huko. Mama dirishani, mie pembeni yake. Kaka alikuwa ng'ambo ya njia."

"Si kweli," kaka akasema. "Tulikaa vile vitatu vya kati. Mama katikati, mie huku, wewe kule. Na ulilala safari nzima, utajuaje?"

"Nilale! Mama anaumwa, mie nilale?"

"Ulikoroma."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda kichwani. Yaani mama yangu yuko kwenye jokofu, na hawa wanacheka.

Nikatoa silaha yangu. Pale viti vitatu vinapogeuka viwili, kati ya kiti na ukuta wa ndege hubaki nafasi, mtu anaweza kusokomeza kitu. Nikamuuliza kaka, "Kama tulikaa kati, ule mkoba wa dawa tuliuweka wapi?"

"Pale kwenye uwazi, pembeni ya dirisha. Niliuweka mie, kwa mkono wangu."

"Ulifikaje dirishani wewe uliyekaa kati?"

Akaingiza mkono mfukoni. Kisha akatoa simu, akatafuta picha ya viti vya ndege za namna ile, akampa baba mkubwa. Baba mkubwa akavaa miwani. Vilikuwepo viwili vya pembeni mkiani, na vitatu vya kati vilikuwepo pia, safu ileile. Kaka akasogeza picha nyingine: ndege ya aina hiyohiyo, lakini katikati ina viti vinne. Simu ilikuwa imetuongezea viti tu.

Hapo ndipo wifi yangu, mke wa kaka, aliposema huku akichambua mchele, "Ule uwazi wala haukuwa mkubwa. Mama aliusukuma mkoba kwa mguu, ukaangukia nyuma, yule abiria mwenye ndevu nyekundu akaurudisha."

Wifi hajawahi kupanda ndege hata siku moja.

"Kwani wewe ulikuwepo?" baba mkubwa akamuuliza.

"Hapana, baba. Mama alikuwa anahadithiaga kila Jumapili."

Turubai zima likaitikia kwa vichwa. Kumbe hata majirani walizijua zile ndevu. Nami niliziona, nyekundu kabisa, zikiinama na mkoba wetu. Ila sikuweza kujua kama niliziona kwenye ndege au niliziona sebuleni, mama akisimulia. Nikaogopa. Kama habari ya mkoba nimeiazima kwa mama, dirisha je? Na yale maneno?

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amekaa mkekani tangu kikao kianze. Akainua uso.

"Hayo maneno ya kaburi, aliwaambia kwa lugha gani?"

"Kiswahili," kaka akasema.

"Kiswahili," nikasema. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana siku hiyo.

"Dada yangu mambo ya kifo alikuwa anayasema kwa Kipare tu. Kwa Kiswahili hata kaburi la shemeji hakulitaja, alikuwa akisema 'kule'. Na nyie Kipare hamkijui."

Hatukijui. Tulizaliwa na kukulia Kurasini, baba akifanya kazi bandarini, na mama aliona Kiswahili kinatutosha. Kama angetuambia kwa Kipare, tungeitikia tu bila kuelewa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Baba mkubwa akavua miwani. "Kesho jeneza likifika hapa, nani ataweka mkono juu yake aape?"

Kwetu hakuna anayefanya mchezo na kiapo cha juu ya maiti. Nilikuwa na hakika. Lakini nilikuwa na hakika vilevile na zile ndevu. Nikautazama mkono wangu, nikauacha pajani. Kaka naye hakuinua wake.

"Basi anakwenda kwa mumewe," baba mkubwa akasema. "Asiyesema, mila humsemea."

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilimchukia yule mzee. Mama mdogo nilimchukia zaidi. Mlimani ni safari ya kutwa nzima. Nani atakwenda kumpalilia?

Kaka akanifuata, akasimama pembeni yangu, macho yamemvimba.

"Mdogo wangu, kweli alikuambia Kibamba?"

"Kweli. Na wewe, mlimani?"

"Kweli kabisa. Nilimsikia."

Hakuwa anadanganya. Kaka akidanganya namjua, hushika sikio. Tulibaki tumetazamana, kila mtu na mama yake. Nikafungua mdomo nimwambie twende ndani tukamuulize mama mwenyewe, kama tulivyofanya tangu utotoni kila tulipobishana. Nikaufunga.